Niliyemsifia kwa Mdomo Wangu

Jumamosi, 1 Machi

Mvua imeanza leo, tena kwa fujo. Bati la hoteli lilinguruma mpaka wageni wa meza za nyuma wakawa wanauona mdomo wangu tu unafunguka. Nikaanza kupaza sauti. Bulugu akaniinulia nyusi kutoka kwenye kinanda, maana yake usishindane nayo. Akalegeza vidole, nami nikashusha sauti, watu wakasogeza viti mbele wenyewe. Huyo ndiye Bulugu. Mwingine angefungulia spika mpaka zipasuke.

Nimenunua daftari hili kwa sababu nina jambo na nimekatazwa kumwambia mtu. Bulugu atakuja kwetu Mugoma na wazee wake kunichumbia. Ingekuwa mwezi huu huu, lakini Jumatano ni Majivu, na mama yangu hapokei posa ndani ya Kwaresima hata angeletwa na malaika Gabrieli. "Watu wamefunga, ninyi mnywe pombe ya posa?" Basi wazee watakuja Jumamosi ya tarehe tatu Mei, Pasaka ikishapita. Nimengoja mpaka thelathini na nne, Kwaresima moja itanishinda?

Kwa atakayeliokota daftari hili: mimi ni Genoveva, binti wa Fabiani dereva. Kila Jumamosi jioni naimba hotelini kwa Mama Eustakia, hapa Ngara mjini. Naimba nyimbo za zamani za Marekani, zile za taratibu za enzi za bibi zao, mpaka Wamarekani wenyewe wakipita hapa wananiuliza nimezitoa wapi. Nimezitoa kwenye kanda za baba. Enzi za kambi za wakimbizi alimwendesha bosi mmoja wa shirika, na bosi alipoondoka alimwachia redio na boksi la kanda. Kiingereza sikukijua. Nilikariri sauti kwanza, maana ikaja baada ya miaka, na ilipokuja nikakuta karibu zote ni za watu walioachwa. Nilicheka sana.

Jumapili, 2 Machi

Mama kapiga simu baada ya misa kunikumbusha nifunge mdomo.

"Usijitangaze, Genoveva. Wazee hawajakaa. Mwanamke anayemtaja mwanamume kabla ya posa anajivua nguo sokoni."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenisikia?"

Nimemsikia. Wote kwetu tunaijua habari ya Adventina wa jirani, aliyetangaza posa mpaka kwenye kwaya, na mwanamume hakutokea. Mpaka leo akipita kisimani wanaguna.

Bulugu naye amemwambia mtu mmoja tu kwao, kaka yake William, ndiye atakayeongoza wazee. Kwao ni Biharamulo, porini kupita Nyakahura. Baba yao alihamia huko na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Baba alikufa zamani, na William ndiye aliyemlea Bulugu, ndiye aliyemnunulia kinanda cha kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Njaa. Sina la kuandika.

Jumamosi, 15 Machi

Ukungu umelala juu ya mji tangu asubuhi. Mchana tulifanya mazoezi ukumbini, wahudumu wanapiga deki huku wanatusikiliza. Bulugu kanisimamisha kila mstari. "Unakimbilia neno. Liache lije. Mimi nikishapiga, wewe subiri, halafu useme kama mtu aliyekumbuka." Nikamwambia mbona na wewe unachelewa hata kuoa. Akacheka mpaka akaegemea kinanda. Mhudumu mmoja akatukodolea macho, nikajifanya natafuta waya wa maiki.

Kwa watu mimi ni "mwenzangu wa kazi". Ndivyo anavyonitambulisha, nami ndivyo ninavyomtambulisha. Tumezoea.

Ijumaa, 21 Machi

William amekufa. Radi imempiga jana machungani, yeye na ndama wawili. Bulugu kapata simu akiwa dukani ananunua sabuni, akaja kwangu na sabuni mkononi hajui aiweke wapi. Nimempikia uji, hakuuonja. Ameondoka na bodaboda mvua ikimnyeshea. Ee Mungu, mpokee William. Sijawahi kumwona, na ndiye pekee kwao aliyenijua.

Jumanne, 25 Machi

Niko msibani. Mama alisema nisiende, nitaonekana. Nikamwambia mfanyakazi mwenzangu kafiwa, kuna ubaya gani kwenda kuzika? Mama Eustakia katoa kilo za sukari, nikazileta, pikipiki imetuangusha matopeni mara mbili.

Wamemzika jana. Watu ni wengi, wengine wanasali, wengine wana mambo yao ya mizimu pembeni, na hakuna anayemsumbua mwenzake. Nimepewa jembe la kazi za wanawake, yaani masufuria. Nimesugua mpaka kucha zimeisha. Wananiita "dada wa kinanda".

Bulugu nimemwona kwa mbali tu, kakaa na wanaume, kichwa kimenyolewa. Nilitaka nikamshike hicho kichwa. Nilisugua sufuria.

Jioni niliachwa jikoni na mjane. Anaitwa Kwandu, mdogo kwangu, ana watoto watatu na macho yamevimba. Alikuwa anaganda tu mbele ya moto, nikashindwa kuvumilia, nikaanza kumwimbia pole pole wimbo mmoja wa kanda za baba, ule wa mwanamke anayetandika kitanda upande mmoja. Haelewi neno lake hata moja. Alilia vizuri, kilio cha kutua mzigo. Baadaye akaniuliza:

"Dada, wewe unamjua shemeji yangu Bulugu?"

"Tunafanya kazi pamoja."

"Hana mke huko mjini?"

"Hana."

"Ni mtu wa namna gani? Mwanamume akija kwao huwa mwema. Mimi nataka kujua akiwa mbali na kwao."

Jamani, nani ameniuliza swali tamu hivyo mwaka huu? Nikafunguka. Nikamwambia hanywi, hajawahi kunifokea hata nikikosea wimbo mbele za watu. Nilipougua malaria aliniletea uji kila asubuhi, akiuacha mlangoni ili majirani wasiseme. Akiahidi anafanya. Watoto wa Mama Eustakia wanamng'ang'ania shati kila akifika. Nikasema, "Ukiwa na Bulugu huogopi kitu." Nikajikamata hapo, nisije nikajivua nguo sokoni.

Kwandu alisikiliza yote huku anachochea moto. "Asante, dada," akasema. "Umenisaidia sana."

Nimefurahi, Mungu anisamehe, msibani. Nimemsifia mchumba wangu kwa wifi yangu mtarajiwa na hakuna aliyeniziba mdomo.

Jumamosi, 29 Machi

Nimerudi Ngara. Nimeimba na muziki wa kwenye simu. Simu haingoji mtu.

Jumamosi, 5 Aprili

Bulugu kaja, kapiga, na kesho anarudi kwao. Amekonda. Anapiga haraka, nyimbo zote zimeisha mapema, wageni wakabaki wanaangaliana na bia zao.

Nikamuuliza habari ya tarehe tatu Mei.

"Siwezi kuja kwenu kichwa kimenyolewa, Geno. Mpaka tuondoe matanga."

"Na matanga yanaondolewa lini?"

"Baba mdogo atasema."

"Na nani ataongoza wazee sasa?"

"Baba mdogo."

"Umemwambia?"

Akasema bado, mzee ana mambo mengi kichwani. Ni kweli, kuna ng'ombe, kuna shamba la mahindi, kuna watoto. Nimejilaumu kwa kumsonga mtu mwenye msiba. Nimempa soksi kavu aondoke nazo.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nipo Mugoma. Kristo kafufuka, mvua haijakatika, mama kaniangalia mkononi kama kuna pete.

Jumamosi, 26 Aprili

Hajaja. Simu haipatikani. Nimeimba na simu tena.

Jumamosi, 3 Mei

Leo ndiyo ingekuwa posa. Mama hakuniamini nilipomwambia imeahirishwa, akakamua ndizi zake, pombe yake ya rubisi ikawiva, mtungi umejaa na wageni hawapo. Majirani wakasikia harufu, wakaja na mirija yao. "Mama Genoveva, sherehe ya nini?" Mama kasema ni ya maharage, yamezaa vizuri mwaka huu. Wakanywa, wakayabariki maharage. Mama alinisimulia kwa simu, akacheka, kisha sauti ikakatika, akasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri tu.

Jumanne, 6 Mei

Kwandu kanipigia. Matanga yanaondolewa Jumamosi hii, anataka niende nikaimbe. "Ule ulioniimbia jikoni. Nataka na wengine wausikie." Nimekubali kabla hajamaliza.

Jioni Bulugu akapatikana. Nikamwambia nakuja. 

"Usije," akasema. "Njia imekatika, matope yamezidi. Utaumia."

Ananihurumia, mtu wa watu. Nitakwenda hivyo hivyo. Matanga yakiondoka, na sisi njia yetu inafunguka, kwa nini nisiwepo?

Jumapili, 11 Mei

Nimelala kutwa. Sasa nimekaa, naandika.

Nilifika jana asubuhi. Njia ilikuwa nzuri, kavu kabisa, jua limewaka siku tatu huko. Hilo nililiona na sikuliwaza. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Wanawake wakanipokea kwa vigelegele, dada wa kinanda kaja, wakanipa michembe, viazi vyao vya kukausha, na chai. Kwandu alikuwa amenyolewa na kupakwa mafuta, kavaa kitenge kipya. Akanikumbatia kwa nguvu, akaninong'oneza, "Nimeamua kama ulivyoniambia." Sikuelewa. Nilimwambia hongera.

Nikaimba uwanjani bila kinanda wala spika. Bulugu alikuwa kakaa katikati ya wanaume, kando ya baba yake mdogo, macho chini. Niliimba vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli: nilisubiri kila neno kama alivyonifundisha, na wazee ambao hawajui Kiingereza cha kuombea maji walinyamaza mpaka mwisho. Nilimwimbia yeye. Nilifikiri hainui macho kwa kuwa ana huzuni.

Nilipokaa, bibi mmoja mwenye ugoro akanisogelea, akaniambia, "Sasa tazama, anachagua."

"Anachagua nini, bibi?"

"Mume."

Nikadhani ni utani wa kikongwe. Akanieleza kwa upole kabisa. Katika ukoo wao, matanga yakiondoka, mjane mwenye watoto wadogo huwapelekea mashemeji zake kibuyu cha maziwa. Anayemtaka anampa. Akinywa, amechukua nyumba ya marehemu, na mke na watoto wake.

"Na asipotaka?"

"Anamrudishia kibuyu hakijaguswa, mwanamke anampelekea mwingine. Hakuna ugomvi. Yule Celestini anangoja pale tangu asubuhi, mtazame alivyokaa."

Nilimtazama Celestini, mdogo wao wa mwisho, kavaa koti, katandaza miguu, kweli anangoja. Moyo ukatulia. Nikasema basi, atampa Celestini. Kisha nikakumbuka jikoni. Nilikumbuka yote kwa mpigo, maswali yake moja moja, na majibu yangu niliyoyarembesha. Hanywi. Hafoki. Ukiwa na Bulugu huogopi kitu. Yesu na Maria! Nilisimama, bibi akanivuta nguo nikae, watu wa nyuma hawaoni.

Kwandu akampita Celestini. Akapiga magoti mbele ya Bulugu, akamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili.

Bulugu alikishika. Hapo ndipo aliponitazama, mara moja tu katika siku nzima. Nilitikisa kichwa. Sikujali mama, sikujali Adventina wala kisima chake, nilitikisa kichwa mbele ya watu wote wale, na bibi akadhani nafukuza nzi. Bulugu akafumba macho akanywa. Alikunywa sana, si kuonja. Wanaume wakapiga makofi. Mtoto mdogo wa William akamkimbilia akamkalia mapajani, na watu wakacheka kwa furaha, na nadhani na mimi nilicheka maana mdomo wangu ulikuwa wazi.

Sikuaga. Nilitembea mpaka barabarani. Celestini alitoka akanifuata kidogo, akaniuliza kama ninaumwa, nikamwambia tumbo. Pikipiki ilipokuja nilipanda nikaanza kulia, na dereva akawa anaendesha pole pole akiniambia, "Pole mama, kufiwa ni kazi ya Mungu."

Mdomo uliponza kichwa. Nimewaimbia wazungu habari za kuachwa miaka sita, na siku ya kuachwa mimi nimetoa ushahidi mwenyewe.

Jumatano, 14 Mei

Nimekunywa chai.

Jumamosi, 17 Mei

Mama Eustakia kaniuliza Bulugu anarudi lini, nikamwambia ameoa. Akasema, "Hee! Bila kutualika?" Nikamwambia nilikuwepo. Nimeimba nyimbo tatu, ya nne nikasema koo linauma. Halikuwa linauma.

Jumanne, 20 Mei

Amepiga simu. Niliapa sitapokea, nikapokea kabla haijaita mara ya pili. Ndivyo nilivyo.

"Geno, ni mila. Ningemwaibisha mjane wa kaka yangu mbele ya ukoo?"

"Bibi mmoja aliniambia ungerudisha tu, hakuna ugomvi."

"Wanawake wazee wanasema mengi."

Akaendelea, sauti ya chini, ile ile ya mazoezini:

"Kwandu kaniambia ni wewe uliyenisifia. Amesema asingenichagua bila wewe. Sasa mimi nifanye nini, Geno?"

Nikamwomba msamaha. Naandika ili nijione: mwanamume kaoa, na mimi nimemwomba msamaha. Lakini amesema kweli. Mtu kaniuliza nani mwema, nikamwonyesha kwa kidole. Kama ningesema neno moja tu, kwamba huyu ni wangu, Kwandu angempita. Nilinyamaza kwa ajili ya heshima ya mama, na heshima ipo nzima kabisa, hakuna aliyeigusa.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua zinakwisha. Kwetu wanang'oa maharage. Mama anataka niende kusaidia, nimesema nina mazoezi. Na nani, akaniuliza. Nikakata simu.

Jumamosi, 24 Mei

Kwandu amekuja.

Nilikuwa nafua nyuma ya nyumba. Nikainua kichwa, namwona amesimama na mfuko wa karanga, viatu kavishika mkononi, miguu ina tope mpaka magotini. Nilitaka kumfukuza. Nilimpa maji ya kunawa, kwa sababu mtu akifika kwako na tope unampa maji, hata kama amekuchukulia roho.

Hakukaa. Akasema, "Celestini alilewa juzi. Kasema nimemnyang'anya mume dada wa kinanda. Kasema alikuona ulivyoondoka, akambana Bulugu mpaka akakubali kwamba mlikuwa mnataka kuoana. Ni kweli?"

"Wazee wake walikuwa waje tarehe tatu Mei."

Akaketi chini pale pale kwenye maji ya sabuni.

"Nilikuuliza," akasema. "Dada, si nilikuuliza? Nilikuuliza ana mke, ukasema hana. Nilikuomba uniambie kama mwanamke mwenzangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Kwetu hatusemi mpaka wazee wakae."

"Hata kwa mtu anayekuuliza?"

Tulilia wote wawili, kila mtu na nguo yake mkononi, jirani akachungulia akafunga dirisha. Nilikuwa nimemchukia wiki mbili, na sikumwona mtu wa kumchukia. Ana mkono una malengelenge ya jembe. Anavaa shati la marehemu ndani ya kitenge, niliona kola. Yeye naye hamtaki Bulugu, anamtaka William, na William hayupo.

Baadaye akajifuta, akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Mimi nilitafuta mtu asiyewapiga watoto wangu, basi. Celestini kwa watoto hana neno, ni pombe tu. Nikirudisha kibuyu mwenyewe mbele ya baba mdogo, Bulugu yuko huru, wala hakuna atakayemcheka. Aibu itakuwa yangu, nitaibeba. Niambie wewe. Nimrudishe?"

Najua mtu mwema angejibu nini. Mtu mwema angesema hapana, kaa naye, una watoto. Mtakatifu Genoveva mwenyewe angesema hivyo. Mimi nilimshika mikono nikasema, "Mrudishe. Kwandu, nakuomba, mrudishe."

Akaitikia kwa kichwa. Akaniachia karanga zake, akaenda.

Jioni niliimba mpaka wageni wakasimama.

Jumapili, 25 Mei

Nimefagia chumba. Nimefua mapazia.

Jumatatu, 26 Mei

Bado.

Jumanne, 27 Mei

Nimenunua vocha, isije ikawa anajaribu kunibipu na mimi siwezi kumpigia. Jua kali, hakuna hata wingu. Nimemwambia mama kwa simu kila kitu, tangu jikoni mpaka karanga. Nilitegemea matusi. Amesema, "Mimi ndiye niliyekufunga mdomo, mwanangu." Nikamwambia mama, anarudi, usilie, anarudi.

Alhamisi, 29 Mei

Kwandu kapiga asubuhi.

"Dada, nimefanya. Nimemwambia mbele ya baba mdogo na Celestini: kibuyu nakirudisha mimi, usione aibu, kamchukue dada wa watu. Baba mdogo kasema sawa, mila inaruhusu, kijana aende."

"Enhe?"

"Bulugu akasema yeye hakunyweshwa, alikunywa."

Niliitoa simu sikioni nikaitazama.

"Dada, upo?"

"Nipo. Endelea."

"Baba mdogo akamwambia, mwanangu, kama ulikuwa na mchumba ungerudisha tu siku ile, Celestini alikuwepo. Akasema anajua. Amesema aliamua siku ya maziko, kabla mimi sijamwuliza mtu yeyote. Anautaka mji wa kaka yake, anataka kuwalea hawa watoto, amechoka na mambo ya hotelini. Mimi nikamwuliza, na Genoveva? Akasema, Genoveva ana nyimbo zake."

"Kasema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Nisamehe, dada."

"Hujanikosea kitu, Kwandu. Ukae naye. Watoto hawatapigwa, hilo nililokwambia ni kweli."

Nimekata simu nikakaa kitandani. Siku ya maziko! Nilipokuwa nasugua masufuria yao alikuwa ameshaamua. Alikuja Ngara akapokea soksi zangu, akanipa habari za baba mdogo, ameshaamua. Na akanipigia simu kuniambia ni mdomo wangu. Wiki zote hizi nimeuadhibu mdomo wangu, nimeuona wenyewe ndio ulioniua, na yeye alijua na akaniacha niendelee. Heri angesema amenichoka. Ningelia mara moja nikamaliza.

Nimepiga ukuta kwa kiatu mpaka jirani akagonga. Nikamwambia namwua mende.

Jumamosi, 31 Mei

Nimeimba leo, nyimbo zote, kwa muziki wa simu. Ule wa mwanamke na kitanda nimeuweka katikati, nikauimba mpaka mwisho bila kukimbia neno. Mgeni mmoja mzee wa Kimarekani alivua kofia. Nililia kidogo, wakadhani ni sehemu ya wimbo.

Tulipokuwa tunakunja waya, Mama Eustakia akaniuliza kama amngoje Bulugu au atafute mpiga kinanda mwingine. Nampenda Bulugu, hata sasa ninavyoandika nampenda, laiti ningejua pa kuupeleka upendo wenyewe. Nimemwambia atafute.